Mbuzi Niliyemlea

Nikipita penye vibanda vya nyama hapa Lodwar, harufu ya manyoya ya mbuzi yakiungua hunisimamisha.

Ukame ulikuwa umetubakizia mbuzi mmoja tu, kule nyumbani upande wa Kakuma. Nilimlea mwenyewe tangu mama yake afe, nikimnywesha maji kwa kiganja. Njaa ilikuwa imemlaza dada yangu mdogo, hawezi hata kuketi. Asubuhi moja baba akachukua mkuki.

"Baba, huyu hajatukosea," nikamwambia.

Mjomba akadakia, "Mtoto, binadamu ameumbwa ale nyama. Usilie."

"Usimwambie hivyo," baba alisema taratibu. "Mbuzi hana kosa. Tunamla kwa sababu tuna njaa."

Nilimshika mbuzi kichwa mpaka akatulia. Niliapa kwamba sitamla, lakini nyama ilipoiva nilikula, na ilikuwa tamu.

Siku ya tatu dada yangu alitoka nje kwa miguu yake, akauliza mbuzi yuko wapi. Baba akaniachia mimi nijibu. Nikamwambia ukweli. Alilia kwa sauti kubwa, na mama, aliposikia ile nguvu ya kulia, akamshukuru Mungu.