Mkongojo wa Bibi

Wiki iliyopita binti yangu alikuja kutoka mjini na zawadi: mkongojo mpya, mwepesi, wenye mpira chini. "Mama, usije ukaanguka," akasema. Nikamshukuru, nikauegesha nyuma ya mlango. Tangu hapo kila nikifunga mlango namkumbuka bibi yangu.

Kama nawe ulikulia huku Meru wakati wa Mwingereza, bibi wa namna ile unamjua. Alikuwa mama yake baba, mwembamba, mkali kwa watoto na kwa mbuzi. Siku ya soko alijitwika mkungu wa ndizi juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, akateremka Tengeru, nami nyuma na kikapu changu cha magimbi. Jua halijachomoza, jirani yetu, mwanamke wa rika lake, alishaita kutoka ng'ambo ya uzio wa masale: "Mwenzangu, umeshajitwika?" Njia nzima walisengenya wakwe zao na kucheka. Jioni bibi alirudi na chumvi na magadi, akala loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando bakuli zima, akaomba tena.

Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la Mzungu. Siku moja alipitia duka la Mhindi mjini Arusha, akamnunulia mama yake mkongojo mweusi unaong'aa. Bibi alicheka sana, akautumia kufukuzia kuku. Lakini kila mgeni alimsifu baba kwamba huyu ndiye mtoto, anajua mama yake amezeeka. Bibi akaona vibaya kumvunja moyo mwanawe. Akaanza kwenda nao kanisani, kisha mtoni. Na mteremko ule wa matope huwezi kuushuka na mkungu kichwani na fimbo mkononi, kwa hiyo sokoni akaacha.

Hapo ndipo neno lilipomwingia. Goti likiuma, uzee. Chakula kikimshinda, uzee huo. Zamani goti lilipouma alilikanda kwa maji ya moto, kesho yake akaenda zake. Sasa alikaa tu juani, na loshoro ikapoa mbele yake. Niliuchukia mkongojo ule kama mtu.

Jirani hakuacha kuita.

"Nenda tu, mwenzangu," bibi akamjibu asubuhi moja. "Mimi mzee sasa."

"Si tulizaliwa msimu mmoja? Mbona mimi sijaambiwa?"

Bibi akacheka, kicheko chake cha zamani kabisa. Akainuka nusu. Kisha akautazama mkongojo, akakaa tena.

Masika iliyofuata tukamzika. Labda alikuwa na ugonjwa wake, sijui, hakuna aliyempima. Jirani aliendelea kushuka sokoni mpaka nikaolewa. Baba naye alipozeeka, tukiwa tunapalilia migomba, aliniambia bila mimi kumuuliza, "Bora ningemnunulia jembe." Hakulisema tena.

Siku hizi Tengeru tunashuka kwa gari. Hata hapa kwangu masale yameng'olewa, pamejengwa ukuta wa matofali, na wanaokaa upande wa pili siwafahamu. Goti langu la kushoto linauma. Mkongojo naweza kuuacha nyuma ya mlango hata mwaka mzima, hilo halinishindi. Ila naamka alfajiri, nasikiliza, na hakuna anayeniuliza kama nimeshajitwika.