Ng'washi Aliyeutafuta Mkia

Ng'washi, dada yake mama yangu, alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia mvua imenyesha Lalago, atakuuliza ilianzia upande gani. Ukimwambia fulani amefariki, atauliza jana yake alikula nini. Watu wa Bariadi walimkwepa njiani, na kama ningekuwa mtu mzima siku hizo, ningemkwepa pia. Lakini alifanya jambo ambalo wanaume wenye mazizi yaliyojaa hawakuwahi hata kulifikiria. Mkia wa jogoo ulimpotea, akautafuta mpaka akaupata.

Jogoo mwenyewe alifika mwaka 1954. Khatibu, mwenye duka la nguo na chumvi, alirudi kutoka pwani na tenga, na ndani ya tenga alikuwamo jogoo mweusi mwenye shingo ya rangi ya asali na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake mara mbili, unaoburuzika chini. Alisema alimpata kwa baharia. Watu wakajaa dukani kutazama, wala hawanunui kitu. Mbuzi nao wakawa wanaukanyaga mkia. Ng'washi alipokuja kuuliza kwa mara nyingine kama manyoya yale hukatika, Khatibu akamsukumia tenga.

"Mchukue, mama. Mchukue na maswali yako."

Akamchukua, akampa jina la Gauni. Udongo wetu wa mbuga, mweusi, ukilowa hunata kama ugali mbichi, basi akamjengea kichanja kirefu chenye wigo, na wakati wa masika aliukunja ule mkia na kuufunga kwa kipande cha kanga. Mumewe, Shigela, alicheka hadi akapaliwa. "Mke wangu naye amepata ng'ombe wake!" Acha acheke. Ng'ombe walikuwa wa Shigela na ndugu zake. Kuku walikuwa wa Ng'washi peke yake. Na sasa watu walikuja kutoka hata Nyashimo kuona kitu chake. Kwa mwanamke aliyezoea kuitwa tu pale maji ya kunawa yanapohitajika, hilo lilikuwa jambo kubwa, na alilipenda waziwazi.

Alimtazama Gauni mchana kutwa. Majogoo wengine walipofika msimu wa kunyonyoka, uwanja ulijaa manyoya yao. Gauni aliangusha ya shingoni na ya kifuani, lakini ya mkia hayakuanguka hata moja. Kumbe hayakuwa marefu kwa sababu yanakua haraka. Yalikuwa marefu kwa sababu hayaachi kukua.

Akampelekea mitetea wa kawaida, wakataga, wakaatamia, wakaangua. Ng'washi akangoja. Mapora, wale majogoo vijana, walikua, wakawika, wakanyonyoka kama wenzao, wakabaki na mikia ya kuku yeyote wa njiani. Akakasirika kama mtu aliyeibiwa. Mkia umekwenda wapi? Baba anao, watoto hawana, na hakuna aliyeuchukua.

Hapa lazima nimtaje mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, aliyeshika kaya ile mkononi. Bibi Nyamizi alikuwa na sheria yake mwenyewe, sijaisikia kwingine: kuku wa damu moja hawapandani katika kaya yake. Mapora wote walipelekwa kwa majirani, na matembe, wale kuku wasichana wasiotaga bado, waliletewa jogoo kutoka kwa jirani Domitila. Kwa hiyo mabinti wa Gauni walizaa na jogoo wa Domitila, na wajukuu wakatoka na mikia mifupi vilevile. Watu wakasema mkia ule ni wa ng'ambo, hauwezi hewa ya Bariadi.

Ng'washi hakukubali. Katika zizi la Shigela alikuwa amemwona ng'ombe wa kijivu akizaa ndama mweusi, na yule mweusi, alipokua, akazaa wa kijivu. Ile rangi ilipita ndani ya mweusi bila kuonekana. Akawaza hivi: kifaranga huchukua kwa baba na huchukua kwa mama. Kile anachopewa na mama wa kienyeji kinaufunika mkia. Basi atafute mtetea ambaye tayari ana kitu cha Gauni ndani yake, ampeleke kwa Gauni, ili mkia ukutane na mkia. Na mitetea wa namna hiyo duniani kote walikuwa mabinti zake Gauni tu.

Kabla hajalisema hilo kwa mtu, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia. Kuku waliinamisha vichwa asubuhi, jioni wamekufa. Uwanja wa Domitila ulinyamaza kabisa. Kwa Ng'washi alipona Gauni, kule juu kichanjani, pamoja na mabinti zake watatu. Gauni naye alikuwa mzee sasa, kishungi kimefifia, kupanda kichanja mpaka asaidiwe. Akifa, mkia umekwisha. Ng'washi akaenda kwa mama mkwe, akapiga magoti, akaeleza yote.

Bibi Nyamizi alimwita kwa jina la baba yake, kama alivyofanya akiwa amekasirika. "Ng'wana Malimi, unataka mtu aoe binti yake mbele ya macho yangu?"

"Mayu," akasema Ng'washi, kama tunavyomwita mama, "hawa ni kuku."

"Wanakula katika kaya yangu."

Ng'washi alilia jikoni kwa hasira. Angeweza kufungua wigo bibi akiwa shambani, nani angejua? Hakufanya. Kesho yake alitia mabinti watatu kwenye tenga akaenda kwa Domitila. "Nakupa. Si kukuazima, ni wako." Domitila, ambaye hakuwa na hata unyoya, nusura amkumbatie.

Mwezi ulipoandama, Ng'washi akarudi pale na kikapu cha mtama kichwani. Alikuja kuposa. Domitila alimtazama, akaelewa, akaketi vizuri kama mama mwenye mabinti.

"Mtama kikapu kimoja? Wanangu wamelelewa."

"Mwezi mmoja tu wamelelewa!"

Kelele za mahari zikasikika hadi kwa Bibi Nyamizi. Alikuja na fimbo yake kuvunja upuuzi ule. Lakini bibi huyu alikuwa amepatanisha mahari tangu ujana wake, na kumsikia Domitila akidai vikapu vitatu kulimwasha.

"Vitatu?" akasema. "Mmoja wao ana kengeza! Viwili, na hatuongezi."

Wakakubaliana viwili. Bibi akiwa nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo alipotambua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeozesha. Alisimama, akatikisa kichwa, akasema, "Basi. Wametoka kaya nyingine." Shigela aliposikia alisema ameoa kichaa, na mshenga ni mama yake.

Gauni aliishi kuona vifaranga, hakuishi kuona mapora. Shigela alitaka supu, akakemewa, jogoo akazikwa. Kisha ukaja msimu wa kunyonyoka, na sasa wanawake wawili, Ng'washi na mama mkwe, waliamka alfajiri, mmoja kufagia uwanja, mwingine kungoja habari. Ng'washi aliokota manyoya ya mikia akiyalinganisha na wenyewe. Haya ya yule mwekundu. Haya ya yule wa madoa. Kila asubuhi bibi aliuliza kutoka mlangoni, "Mhola?" yaani ni salama, na Ng'washi alijibu, "Mhola, mayu, wapo bado wasioangusha." Nusu ya mapora waliachia mikia. Nusu nyingine, msimu ulipita, hawakuangusha kitu, na manyoya yao yakaendelea kushuka, yakagusa udongo. Ng'washi aliketi palepale uwanjani, akalia kwa furaha bila kujificha.

Mwaka 1958 mikia ilikuwa inaburuzika chini. Wacheza ngoma walikuja kuomba manyoya, wengine kununua jogoo. Ng'washi akasema wa kwanza kuchagua ni mama mkwe. Akawapanga majogoo warembo mbele yake, wameoshwa, mikia imenyooshwa juu ya mkeka.

"Chagua, mayu. Yeyote."

Bibi Nyamizi aliwapita wote. Akaenda hadi kwenye majivu nyuma ya jiko, alipokuwa anajichimbia mtetea wa kahawia, mwenye kengeza, mkia kama wa kuku wote. Akamwelekezea fimbo.

"Huyu."

Shigela alicheka. "Mama, umeacha mikia yote ile?"

"Mikia yote ile imetoka wapi?" akajibu bibi. "Baba yao amekufa. Huyu bado anataga."

Ng'washi hakucheka. Mabinti wengine wawili wa Gauni walikuwa wameliwa na kicheche. Mtetea yule ndiye ambaye Ng'washi alikuwa akimtegemea, na alidhani ni yeye peke yake anayejua thamani yake. Akamkamata, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akampa mama mkwe kwa mikono miwili.