Kupima Goti la Godana

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Hola, nilivaa viatu vipya vilivyonibana vidole hata nikawa natembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Mkuu wa idara yetu, mwanamume mrefu asiyecheka ovyo, alinitazama mbele ya foleni nzima ya wagonjwa akauliza, "Binti, viatu vinakuuma?"

"Hapana, bwana mkubwa," nikajibu, na machozi yananilengalenga.

"Haya. Twende kazi."

Nikatembea hivyo mpaka saa kumi. Kisa cha viatu kishikeni, wanangu, nitakirudia.

Kazi yenyewe ilikuwa tiba ya viungo. Watu walituita madaktari wa mazoezi, na wengine wakandaji wa serikali, jambo lililoniudhi sana. Mimi mtoto wa Ndera sikusoma miaka yote ile nije kukanda watu! Mkuu alinifundisha kupima nguvu za misuli kwa mkono mtupu, kwa alama za sifuri hadi tano. Sifuri, msuli hauna habari na wewe. Moja, unachezacheza chini ya ngozi. Mbili, mguu unasogea ukiwa umelazwa tu. Tatu, mgonjwa anauinua mwenyewe. Nne, anauinua hata ukimkandamiza kidogo. Tano, kandamiza uwezavyo, haushuki.

"Mkono wako ndio mizani," aliniambia. "Lakini mizani haina mdomo. Muulize mwenye mguu."

Niliitikia ndiyo, ndiyo. Nilidhani kuuliza ni kazi rahisi.

Baada ya miaka nikahamishiwa Garsen, chini ya muuguzi msimamizi aliyekuwa mkali kunishinda mimi, na hilo si jambo dogo. Huko ndiko nilikokutana na watu wa hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi upesi. Wengi hudhani shida yao ni kidonda. La. Shida kubwa iko ndani ya viungo, hasa goti. Damu huvujia mle bila jeraha lolote, na kila ikivuja hula ule ufupa laini unaozikinga ncha za mifupa. Goti likiuma, mtu huacha kulitumia, na msuli wa mbele ya paja hunywea. Huo msuli ndio mlinzi wa goti. Ukinywea, goti hulegea, likavuja tena. Kwa hiyo tulipima nguvu za paja kila baada ya miezi michache, tupate kujua nani aongezewe mazoezi na nani apumzishwe.

Siku moja tukaletewa kipima nguvu. Kilikuwa kidude cha kushika kiganjani, chenye kioo cha kuonyesha kilo. Mgonjwa huketi miguu ikining'inia, unamwekea kidude mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, naye anasukuma huku wewe umekishikilia kisisogee. Mara tatu, na mapumziko katikati. Jamani, nilikipenda kidude kile! Nilikibeba hadi Chewele, nikakibeba kila kliniki ya kuzunguka. Nikawa nazisoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Ndivyo nilivyofika nacho Kilelengwani. Kliniki ilikuwa ndani ya darasa, madawati yamesukumwa ukutani. Walikuja ndugu wawili wa Kiorma, Jilo na mdogo wake Godana, wote wawili wana hemofilia, pamoja na baba yao. Ng'ombe wao walikuwa deltani, kwenye malisho ya mdomo wa mto, kwa ajili ya kiangazi, na mvua zilikuwa zinakaribia, wakati wa kuwarudisha bara kwa mwendo wa siku kadhaa.

Mzee aliketi mbele kabisa, bakora kati ya magoti. "Daktari," akasema, "mimi nataka kijana mmoja aende na ng'ombe. Mwingine atakaa Garsen, dukani kwa mjomba wake. Wewe pima. Mwenye mguu mzuri ndiye ataenda."

Jilo hakujali, duka alilitaka tangu zamani. Lakini Godana! Kijana yule alizungumza habari za ng'ombe kuliko habari za watu. Kumweka dukani ilikuwa ni kumzika akiwa hai, na kila mtu mle darasani alilijua hilo.

Nikampima Jilo. "Kilo kumi na saba!" nikatangaza.

Kisha Godana. Goti lake la kulia nililiona limejaa kidogo, nikaligusa, lina joto, dalili ya damu kuvuja ndani. Nikamuuliza, kama nilivyofundishwa, "Linauma?"

Akamtupia baba yake jicho. "Hapana, mama."

"Hakika?"

"Hapana kabisa."

Nikaandika, hakuna maumivu. Goti lenye joto mkononi mwangu, nami naandika hakuna maumivu! Akasukuma, kumi na mbili. Watu wakaguna. Akasukuma tena, kumi na tano. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Kaza, Godana, kaza!" Mara ya tatu alifumba macho, jasho likamtiririka, nikapiga kelele, "Kumi na nane!" Darasa zima likashangilia. Mzee akagonga bakora sakafuni kwa furaha.

Kabla ya adhuhuri goti lile lilikuwa limevimba kama boga. Godana alilala juu ya dawati, midomo imekauka, na hata hapo hakulia. Tulifunga goti, tukaliinua, tukampakia kwenye gari la kliniki, na njia yote niliushikilia mguu ule usitikisike. Sindano ya kugandisha damu aliipata hospitalini jioni. Mguu ulipona, lakini goti halikunyooka tena sawasawa. Ng'ombe waliondoka bila yeye, na bila Jilo pia, maana baba yao hakuthubutu tena kumpeleka mmoja wao.

Nilimwendea mzee kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu: mzee, mimi nilimuuliza, yeye alikataa. Hakunipandishia sauti.

"Daktari," akasema, "umemuuliza kijana yangu mbele yangu kama anaumia. Ulitaka ajibu nini?"

Nikakumbuka viatu vyangu vya Hola. Nilitamani ardhi ipasuke.

Muuguzi msimamizi alinipa barua ya onyo, akasema, "Kupima unajua. Adabu ya kuuliza bado." Aliniudhi, kwa sababu alisema kweli.

Tangu siku hiyo nilipima watu mmoja mmoja, nyuma ya leso niliyoitundika kwa kamba kama pazia. Namba sikuzitangaza tena, niliziandika daftarini tu. Goti lenye joto sikulipima, hata aje kuniomba chifu. Na wafugaji sikuwauliza tena habari ya maumivu. Niliuliza, "Ng'ombe gani anakuacha nyuma?" Godana, aliporudi baada ya miezi, akanijibu bila kufikiri, "Hata yule mwekundu mwenye mimba." Basi nikajua pa kuanzia. Tulianza na kukaza paja tu, mguu umenyooshwa mkekani, hesabu hadi tano, legeza. Mwaka mzima na zaidi. Godana akamfikia yule ng'ombe mwekundu, kisha akawafikia na wengine. Lakini mbele ya baba yake, ukimsikiliza yeye, mguu ule haukuwahi kuuma maisha yake yote.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Ndera, nina mahindi yangu na nyani wa kugombana nao. Vijana huja kuniuliza kipima nguvu kipi ni bora. Nawaambia, chochote, ila nunueni na pazia. Wanacheka, wakidhani mama anatania.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Godana alikuja Garsen na baba yake, mzee sasa macho yamefifia. Nikashusha leso kama kawaida, nikasema, "Mzee, tupishe kidogo." Akaanza kujikongoja kuinuka.

"Baba, kaa," Godana akasema.

Nikamwangalia. Godana akaketi, miguu ikining'inia, akasukuma taratibu. Kumi. Kumi na tatu. Kisha akaacha.

"Basi, mama. Hapo linauma."

Sikujua niangalie wapi. Mzee aliuelekeza uso sauti ilikotoka, na mimi kalamu iko hewani.

"Daktari," mzee akasema, "umesikia kijana yangu. Andika."