Pampu ya Mokami na Misumari Miwili

Rashi ya dhahabu, yaani mmiminiko wa watu wanaofuata dhahabu mpya, ilipofumuka pembeni mwa kijiji cha Kewanja, watu walikimbilia mashimo. Mokami hakuchimba. Alianza na sufuria la uji, akiwauzia wachimbaji asubuhi. Uji ukamzalia turubai, turubai likamzalia mwalo, yaani mahali wachimbaji wanapoyaosha mawe yao yaliyosagwa mpaka dhahabu ibaki chini. Shimo linaweza kumdanganya mtu, lakini mwenye mawe lazima atafute maji.

Na maji ndiyo yaliyokuwa yakimtesa. Kisima chake kilijaa polepole, pampu ya umeme ikakimaliza upesi. Pampu ikivuta hewa badala ya maji, inaungua. Moja ilikwisha kuungua. Alimwajiri mtu aangalie maji. Yule akaangalia simu. Hii ya pili nayo ikiungua, wateja wangehamia kwa Nikodemo, mwenye mwalo wa ng'ambo ya barabara, na mteja akishazoea njia nyingine humrudishi hata kwa kumbembeleza.

Siku moja alikwenda Tarime kutengeneza simu kwa fundi Lukmani. Juu ya meza aliona feni ndogo ikijiwasha na kujizima, hakuna mkono ulioigusa.

"Nani anaiwasha?" aliuliza.

Lukmani akamwonyesha bodi iliyozidiwa ukubwa na kiberiti, yenye pini zinazong'aa. "Hii hapa, mama. Ni kompyuta ndogo. Unaiandikia maneno, inayafuata."

"Ina akili?"

"Akili haina. Ni kama ng'ombe wa plau. Ukimfundisha mstari, anaufuata."

"Inaweza kufundishwa kuangalia maji?"

"Inaweza."

Walivutana bei mpaka Lukmani akaapa kwamba anauza kwa hasara. Kiapo hicho Mokami mwenyewe alikitumia kila siku, kwa hiyo akajua bei imefika penyewe.

"Na hizi pini ni dhahabu?"

"Zimepakwa tu."

Huko machimboni neno "zimepakwa" halimalizi mazungumzo, linayaanzisha. Mokami alikuwa pia akinunua dhahabu ya wateja wake, na hakuna kitu cha rangi ile kilichowahi kupita mkononi mwake bila kupimwa. Alipofika nyumbani alidondoshea pini tone la asidi yake ya kupimia dhahabu. Zikatoa povu la kijani. Asidi ikatambaa ikala na vinyuzi vya shaba vilivyo chini yake. Alipoichomeka kwenye umeme, bodi haikuonyesha hata taa.

Aliporudishiwa, Lukmani aliinusa. "Mama, umeifanya nini?"

"Nimeipima."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Watu wa machimboni nyie! Mwingine angeuliza inafanyaje kazi!"

"Cheka tu. Lakini mwenye bidhaa ndiye anayeieleza bidhaa yake, na wewe hukuniambia haipendi asidi."

"Nani anapenda asidi?"

Wakaelewana: Mokami atamletea kila mchimbaji mwenye simu mbovu, Lukmani atampa bodi nyingine na kumfundisha hapo hapo dukani, asidi ikibaki Kewanja.

Somo la kwanza lilikuwa kuwasha taa moja. Mokami alibonyeza herufi kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya fundi, waya ukayapeleka maneno kwenye bodi, taa ikaanza kukonyeza. Akabadilisha namba, ikakonyeza taratibu. Akabadilisha tena, ikawa kama inatetemeka.

"Nikifuta mstari huu?"

"Haitawaka."

Akaufuta. Haikuwaka. Akaurudisha. Alikuwa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani: meno, kwato, mkia, kisha meno tena.

Ndipo wakafika kwenye maji. Lukmani alimweleza kwamba maji hupitisha umeme kidogo. Misumari miwili ikiwa majini, bodi inajua maji yapo. Ikibaki hewani, njia imekatika, na bodi inazima pampu. Nyaya za pampu fundi alikuja kuzifunga mwenyewe, maana umeme wa pampu hauna mzaha.

Mokami alipigilia misumari yote miwili kwenye ubao mmoja, ikakaa vizuri. Nyumbani aliujaribu kwenye beseni: akiuzamisha taa inawaka, akiuinua inazima. Akaupeleka kisimani, akawasha pampu, akakaa na mkono kwenye swichi kubwa.

Maji yakashuka. Misumari ikabaki hewani. Pampu ikaendelea, kisha ikaanza kukohoa. Akaizima upesi.

"Mama Neema!" alipaza sauti Ryoba, mchimbaji aliyekuwa akiosha mawe yake, akimwita Mokami kwa jina la mwanawe. "Kitu yako imelala kama yule mlinzi wako!"

Mokami akauvuta ubao. Akafuta tope lililokuwa kati ya misumari. Bodi ikazidi kusema maji yapo. Akaung'oa msumari mmoja akaushika mbali kwa waya wake. Bodi ikasema hakuna. Akauminya ubao kwa kidole gumba, ukatoa machozi.

"Ubao umekunywa," alisema. "Kwenye beseni ulikuwa bado mkavu."

Akalaza mti mkavu juu ya mdomo wa kisima, akaning'iniza kila msumari kwa waya wake, mbali na mwenzake. Akawasha tena. Maji yakashuka, misumari ikabaki hewani, na pampu ikanyamaza yenyewe. Mkono wake haukuwa umeigusa swichi.

"Umeme umekatika?" aliuliza Ryoba.

"Umeme upo. Maji ndiyo hayapo."

"Washa kidogo tu nimalizie," alisema Ryoba. "Kwa Nikodemo hawana haya mambo."

"Nenda. Beba na mawe yako."

Ryoba akayatazama mawe yake yaliyolowa, mazito. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Haya mura, kaa tuangalie," alisema Mokami, akimwita kijana kwa lugha ya kwao.

Maji yakapanda taratibu. Yalipoigusa misumari, pampu ikawaka, ikayashusha kidogo, ikazima. Yakapanda, ikawaka. Ikazima. Ryoba akapiga paja kwa kicheko. "Sasa ina kwikwi!"

Mokami aliizima kwa mkono, akainama juu ya kisima. Bodi haikuwa imekosea. Aliiambia maji yakigusa iwake, na yalikuwa yakigusa. Kuungua kwa hewa pampu haitaungua tena, lakini kwa kuwashwa na kuzimwa hivi itachoka. Alitazama nafasi kati ya ncha za misumari na alama ya maji ukutani mwa kisima, pale yanapofika yakijaa.

Akampigia Lukmani.

"Shikamoo mama. Imekubali?"

"Kuzima imekubali. Sasa nisikilize. Nikiweka msumari wa tatu huku juu, nikaiambia isiwashe mpaka maji yafike huko?"

"Inawezekana. Mistari itaongezeka, lakini."

"Mingapi?"

"Njoo tuandike."

Alikata simu, akamgeukia Ryoba. "Una msumari mmoja wa ziada?"