Alama ya Minza Ukutani

Nikisikia harufu ya udongo mweupe uliolowa, ule unaochimbwa mtoni kwa ajili ya kupaka kuta, huondoka mahali hapo hadi leo. Shule yetu, si mbali na Bugarama, ilikuwa chumba kimoja cha fito na udongo, na madarasa yote manne yalikaa humo mbele ya mwalimu mmoja. Kila muhula ulipoanza sisi wasichana tulizipaka kuta kwa viganja, tukarudi nyumbani tumekauka mikono kama tumechovya kwenye majivu. Sehemu moja tu Mwalimu Yohana alitukataza kuigusa, nayo ni ile ya kando ya mlango, ambako alitupima urefu na kuweka alama kwa mkaa.

Kiingereza hakikuwa katika ratiba yetu. Mwalimu alitufundisha kwa kupenda kwake mwenyewe, na mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, alishikilia neno moja, grow, kwa majuma mengi. Alisema Wazungu hulitumia kwa mtama unaorefuka shambani, kwa mtoto, kwa kucha na nywele, kwa mtu anayelima pamba yake, hata kwa mtu anayezeeka. Kisha akatuambia kwamba anayezidi kukonda naye husemwa kwa neno hilohilo. Tulicheka, tukaona Wazungu hawana akili sawasawa. Dada yangu Minza hakucheka. Alinyoosha mkono akamwomba Mwalimu airudie sentensi ile.

Mwalimu hakupenda sentensi za uongo. Kila mwezi tulisimama ukutani, visigino vikigusa udongo, na ni yule tu ambaye alama yake imepanda aliyeruhusiwa kusema kwa Kiingereza kwamba amekua. Mimi nilikuwa darasa la pili, na yangu ilipanda kila mara, nikaitamka sentensi ile kwa sauti ya kuudhi watu. Alama ya Minza, aliyekuwa darasa la nne, haikusogea tangu kupanda mtama hadi mtama ukatoa masuke.

Minza alikuwa na sababu ya kuuogopa urefu, ambayo mimi niliielewa baadaye. Baba alikuwa amesema atasoma mpaka atakapomfikia bega. Shija, mtu mzima aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kifua kibovu na ng'ombe wengi, alikwisha kumtuma mshenga. Lakini mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na Mwalimu alimwahidi Baba kwamba Minza akifaulu atapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Baba alikubali, ila bega lake hakuliondoa kwenye mapatano, na alama ya ukutani ndiyo aliyoiamini. Kwa hiyo Minza alihitaji kubaki mfupi kwa miezi michache tu.

Alifanya alichoweza. Jioni tulipokaa kwenye ugali wa mtama na mlenda, alimega mara mbili tatu, kisha akalisukuma fungu lake upande wangu.

"Kula, Kabula. Mimi nimeshiba."

Nilikula. Sikumuuliza hata siku moja ameshiba nini. Nilimwona anapendeza kwa ukarimu wake, nikalamba vidole. Na ukutani, kwa kuwa nilisimama nyuma yake kwenye foleni, niliona jinsi alivyokunja magoti ndani ya gauni lake pana. Aliniona nimemwona, akaweka kidole mdomoni. Mimi nilidhani ni udanganyifu wa darasani tu, na moyoni nikajiona mwema kuliko yeye.

Mshenga alikuja tena alasiri moja. Alikaa na Baba kwenye vigoda karibu na zizi, nami nikapiga magoti nikawaamkia, "Mwadila." Baba alitaka kujivuna mbele ya mgeni, akaniambia nionyeshe tunachojifunza. Nikalisema lile neno na sentensi zake zote, nikazifasiri moja moja. Mgeni alifurahi.

"Na dada yako naye amekua?" Baba akauliza, kwa mzaha tu.

"Amekua, Baba. Ila huwa anapinda magoti."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kusifiwa mara ya pili. Minza alikuwa anatoka kisimani, na Baba akamwita, akamtua mtungi yeye mwenyewe, akamsimamisha ubavuni pake.

"Nyooka," akamwambia.

Minza alitazama chini.

"Nyooka, Minza."

Akanyooka taratibu, na kichwa chake kikalipita bega la Baba. Mshenga aliangalia pembeni kwa adabu. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani.

Ng'ombe waliletwa kabla ya mtihani. Mwalimu alikuja kumsihi Baba, akapewa maziwa, akakubaliwa kila neno, na hakuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata Minza alifia kwenye uchungu wa uzazi huko kwa Shija, baada ya siku mbili. Mkunga alimwambia Mama kwamba binti alikuwa mrefu lakini mifupa yake ilikuwa bado ya mtoto, tena mtoto aliyelala njaa. Mama hakuelewa, kwa sababu nyumbani kwetu mwaka ule chakula kilikuwepo. Mimi nilielewa. Nilinyamaza mpaka Mama naye akafa, na kwa hilo pia najilaumu.

Mimi ndiye niliyekwenda shule ya bweni. Nimefundisha miaka mingi hapa Nyahanga, na neno lile nimelifundisha mara nyingi, lakini sijawahi kumpima mtoto ukutani. Siku hizi wasichana hupita mbele ya nyumba yangu na sare za sekondari, warefu kupita baba zao, wala hawajui kwamba kuna aliyewahi kuuficha urefu huo. Mjukuu wangu Neema amejichora kwa kalamu kwenye fremu ya mlango wangu, alama juu ya alama, na juzi alitaka kuniweka na mimi.

"Bibi, nyooka," akasema.

Nilijaribu, mgongo ukakataa. Akacheka, akaniambia napungua. Nikamwambia achore hapohapo nilipofika. Kisha nikaenda jikoni nikampakulia, nikakaa mbele yake mpaka alipomaliza sahani yote.