Dada Aliponipa Kanga Zake

Swali la mwisho kwenye karatasi za daktari ndilo lililonitia hofu. Mengine niliyazoea haraka. Unalala vizuri? Chakula kinapita? Unachoka bila kufanya kazi? Hayo niliyatafsiri kwa Kifipa huku macho yakitafuta pahali penye jua pa kukaa. La mwisho liliuliza kama siku za karibuni umetamani usiwepo tena duniani. Kila nikilifikia nilijikuta nimeshika sweta langu shingoni, na wala si kwa baridi, ingawa baridi ilikuwepo.

Nilikuwa nauza mitumba sokoni Sumbawanga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa wote, kila mwenye turubai ni mfanyabiashara na kila mwenye ajira anasubiri kupunguzwa. Mimi nilikuwa na turubai. Daktari alitoka Dar es Salaam, mama wa makamo, akafika mbele ya masweta yangu mwezi wa sita akiwa na blauzi ya mikono mifupi, meno yanagongana. Wakati huo nilikuwa napatana na bibi mmoja kwa Kifipa, na upande wa pili namkemea kijana wa mtaa wa Mazwi, "Mshikaji, hiyo suruali ukiivuta tena umeinunua." Daktari alisikiliza, akachagua sweta, akalipa bei ile ile niliyotaja mwanzo. Aliniharibia siku. Mteja akikubali bei ya kwanza, usiku hulali, unajiuliza ungetaja ipi.

Kabla hajaondoka akaniuliza kama ningeweza kumtafsiria vijijini. Tukapatana: chakula cha mchana juu yake, kiti cha mbele cha gari kiwe changu, Jumamosi niachiwe sokoni. Kiti cha mbele nilikisisitiza mara mbili, maana nesi wa zahanati ya kijiji cha Mpui, tuliyekuwa tuzunguke naye, naye alikuwa anakitazama.

Alikuwa anachunguza ugonjwa anaouita sonona. Sisi tulisema tu fulani ana mawazo. Yeye alisema ni huzuni inayokaa kwa mtu mpaka inamnyang'anya usingizi, hamu na nguvu, na kwamba ina watu inaowapenda zaidi. Alitaka kuwajua hao. Tena alitaka kujua kama kina mama wenye ugonjwa huo, wakikaa na nesi aliyefunzwa, kila wiki, wakazungumza, watapata nafuu kuliko wasiozungumza. Kwa hiyo watakaokutwa nao wangepigiwa kura: nusu waanze sasa, nusu wasubiri mpaka mvua zianze, ndipo walinganishwe.

"Na hawa wa kusubiri, watasubiri na nini?" nikauliza.

"Watapata zamu yao, mdogo wangu. Nafasi hazitoshi wote kwa mara moja."

Nilikulia jirani na stendi, nimewaona wacheza karata tatu tangu sijaota meno ya ukubwani. Kura naiamini kikapu nikikishika mimi.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Kila nyumba tulikaribishwa, tukachuchumaa, tukapiga makofi polepole kama ilivyo kwetu, tukaulizana habari. Daktari alikuwa na nyumba nyingi za kufika, kwa hiyo tukiwa bado tunajiweka sawa kwenye vigoda, karatasi ilishatoka. Na majibu yakaja ya mlangoni: nzuri, nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Mwili wakaulizwa, mwili ukasema: kichwa, mgongo, moyo unakwenda mbio, usingizi umekimbia. Moyo wa ndani ukiulizwa, nzuri. Yupo mama tuliyemkuta kaburi la mtoto wake bado udongo haujashuka, akasema nzuri.

Kibaya zaidi kilikuwa upande wa pili wa karatasi, wanapotafutwa watu ambao huzuni inawapenda. Umefiwa na mama yako ukiwa mdogo? Umepoteza mtoto? Mume amekosa kazi? Yuko mbali? Una mtu wa kumweleza shida zako? Niliyauliza maswali hayo nyumba hadi nyumba, na bila kutaka nikawa namjibia dada yangu, mkubwa wangu wa pekee, aliyeolewa hapo hapo Mpui. Mtoto, ndiyo, mwaka uliotangulia. Mume alikuwa mtunza ghala la ushirika. Biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa kila mtu ghala likafungwa, naye akaondoka kwenda machimboni, barua zikawa zinakuja, kisha zikawa haziji. La mama ilinibidi nilihesabu mara mbili, kwa sababu mama alikuwa wetu sote wawili.

Tukafika kwake. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni anapepeta ulezi, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Dada alitoka ndani amejifunga kitenge kilichofifia. Maharage yake yalikuwa bado shambani wakati majirani walishayapiga na kuyaweka ndani. Dada yangu! Yule aliyekuwa akikuta jani moja kwenye tuta lake analiuliza limetoka wapi.

"Habari za kwako, dada?"

"Nzuri. Za mjini?"

Akaulizwa. Usingizi, alisema, unakatika, labda ni baridi. Chakula hakina ladha, labda ni meno. Uchovu, labda ni kazi. Alikuwa na labda kwa kila kitu. Nikafika swali la mwisho. Nililitafsiri nikimtazama mikono, si uso.

"Hapana," akasema. Mama mkwe akapepeta kwa nguvu kidogo. Daktari akaandika hapana.

Tulipokuwa tunaaga akaniita ndani, akafungua sanduku akanipa doti yake ya kanga, ile ya harusi, aliyokuwa akiivaa Pasaka na Krismasi tu.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi sina safari."

Niliipokea, kwa sababu mkono wangu umezoea kupokea. Nikiwa ndani ya gari nikaikunjua: vipande vyote viwili. Dada yangu tangu utoto hajawahi kunipa hata muwa bila kuuliza nitampa nini. Kupatana bei nimejifunza kwake yeye. Nikajikuta tena nimeshika sweta langu shingoni.

Kura ya waliokutwa na ugonjwa, dada akiwemo, ikapigwa kanisani wiki ile ile, bahasha zimefungwa, kila mama anachukua yake. Nilisimama karibu na mikono ya daktari muda wote, sikuona ujanja wowote, na hilo ndilo lililoniumiza: dada aliangukia kwenye nusu ya kusubiri, kihalali kabisa. Mpaka mvua zianze. Alisoma karatasi yake, akaikunja, akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa basi limejaa.

Nikamfuata daktari nyuma ya gari.

"Daktari, tupatane."

"Kuhusu nini?"

"Dada yangu aanze sasa. Mimi nitakutafsiria bila chakula cha mchana. Kiti cha mbele mpe nesi."

Hakucheka. "Nikimpa nafasi kwa sababu ni dada yako, kesho nitampa mwingine kwa sababu ni shangazi wa nesi. Mwisho hatutajua kama mazungumzo yanasaidia au undugu ndio unasaidia."

"Hebu niongeze. Jumamosi nazo chukua."

"Mdogo wangu, hii haina bei." Kisha akanitazama vizuri. "Kwa nini unaogopa? Mtu aliye hatarini haingii kwenye kura hata kidogo. Huyo anatibiwa siku hiyo hiyo. Lakini wewe mwenyewe ulinitafsiria hapana."

"Alisema hapana."

"Basi umeona nini?"

"Amenipa kanga."

Niliposema hivyo nikajiona mjinga. Lakini daktari alifunga kalamu yake. Akataka nimweleze kanga gani, alisema maneno gani, alikuwa anatazama wapi. Nikamweleza yote. Nikamaliza, akaniambia nieleze tena. Nikamaliza mara ya pili, akasema, "Twende nikamuulize upya. Sasa hivi."

"Ukimuuliza nikiwepo mimi, atasema hapana. Yeye ndiye aliyenilea. Hawezi kuniwekea mzigo huo kichwani. Na ukimuuliza huku yule bibi, mama mkwe wake, yuko mlangoni, ndiyo kabisa."

"Niulizeje basi?"

Hapo nikaona jambo ambalo nalijua tangu nazaliwa. Kwetu habari huulizwa mara mbili. Mara ya kwanza mmesimama, na jibu ni nzuri hata kama nyumba inaungua. Hiyo ni heshima tu, ni kubisha hodi. Mgeni anakaa, analetewa maji, anakunywa, kunakuwa kimya. Ndipo mnaulizana tena, na hapo ndipo mtu anasema kilichomleta. Sisi wiki nzima tulikuwa tunauliza kwa karatasi kabla ya maji. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya mteja nilimuuliza dada yangu mara moja tu, nikaandikiwa hapana.

Tukakubaliana. Nesi, ambaye ni Mfipa wa Namanyere, angeingia na daktari, atafsiri badala yangu. Wangekaa, wakubali maji, waache kimya kipite. Mimi kazi yangu ingekuwa bibi.

Hiyo ndiyo biashara ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliteremka garini na sweta moja la sufu, rangi ya kahawia, nikamwendea bibi pale mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmerudi tena? Mmesahau nini?"

"Nimekuletea sweta ulione. Twende huku kwenye jua, rangi ionekane."

Akaja. Sweta hawezi kulikataa mtu wa Ufipa mwezi wa sita. Nyuma yangu nikasikia mlango unarudishwa.

Nikataja bei. Akataja yake, ya matusi. Kwa kawaida ningeshika kiuno, ningemwambia hiyo ni bei ya mkono mmoja. Lakini nilikuwa natakiwa nisishinde wala nisishindwe haraka. Mapatano yaendelee tu muda wote mlango ukiwa umefungwa. Nikapunguza kidogo. Akapanda kidogo. Nikageuka kutazama mlango. Nikapunguza tena, wakati zamu ilikuwa yake.

"Wewe," bibi akasema, "umepunguza mara mbili mfululizo."

"Nimekosea, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sweta linaumwa." Akaligeuza ndani nje, akatafuta tundu kwenye kwapa, akanusa. Ndani kulikuwa na sauti ya nesi, halafu hakukuwa na sauti ya mtu yeyote. Nilianza kuwahesabu kuku wa bibi. Nikawarudia. Hesabu hazikulingana, kuku hawatulii.

Halafu nikasikia dada yangu analia. Si kilio cha msibani, ambacho kina maneno na kina wasikilizaji. Kilikuwa kidogo, kinakatika. Bibi naye akasikia. Akaacha kunusa sweta. Nikajua sasa atanyanyuka aende, na akifika mlangoni dada atafuta uso aseme ni moshi.

Nikamshika mkono. Mtu mzima, mama mkwe wa dada yangu, nimemshika mkono kama mwizi wa sokoni.

"Mama, tafadhali. Bado hatujaelewana bei."

Aliutazama mkono wangu. Nikangoja matusi. Akakaa chini, polepole, akaweka sweta kwenye mapaja.

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini. "Ulisema shilingi ngapi?"

Tukaendelea. Alinipandishia, nikampunguzia, tukapishana katikati na hakuna aliyejali. Yeye naye alikuwa anatazama mlango.

Aliyoyasema dada humo ndani sikuyasikia, na daktari hakuniambia. Alisema ni ya mwenyewe. Alichoniambia ni kwamba jibu la swali la mwisho halikuwa hapana, na kwamba dada ameondolewa kwenye kura. Angeanza kuonana na nesi siku ile ile, wao wawili tu kwanza, na asingeachwa peke yake nyumbani. Jioni ile mimi na bibi tulipita nyumba nzima tukaondoa vitu fulani. Hatukuelezana kwa nini. Kila nilichosahau yeye alikiona.

Nafuu haikuja kama kwenye matangazo ya dawa. Wiki moja alizungumza na nesi, iliyofuata akakataa kutoka kitandani, na mimi nikalala Mpui nikisikiliza pumzi zake, sokoni turubai limekunjwa. Wapo kina mama wa lile kundi la kwanza walioanza kucheka mapema, na yupo aliyehudhuria kila mara asibadilike. Daktari aliporudi kutueleza matokeo alisema waliozungumza walipata nafuu zaidi kuliko waliosubiri, lakini si wote, na kwamba bado hajui kwa nini si wote. Nilimheshimu kwa hilo. Muuza dawa angesema wote. Dada yangu hakuwemo upande wowote wa hesabu zake, kwa vile alitolewa kabla. Mimi namhesabu hata hivyo.

Baada ya utafiti daktari aliyaweka maji mwanzoni mwa karatasi zake: fika, kaa, kunywa, kisha uliza, kisha uliza tena. Mimi nimebaki na tabia hiyo kama ugonjwa. Mtu akiniambia nzuri, nangoja. Watoto wangu wanachoka nami.

Mwaka ule ule, mvua za kwanza zilipokuwa zinajiandaa, mbuga zote kavu na upepo wa vumbi, dada alikuja mjini kwa lori la mahindi. Hakunitaarifu. Nilimwona anapita kati ya mafungu ya mitumba, anagusa hiki, anaangusha kile, uso umekunjamana kama mteja mbaya.

"Shikamoo dada. Habari za Mpui?"

"Nzuri."

Nikamvutia ndoo akae. Nikamletea maji. Akanywa. Nikanyamaza.

"Habari, dada?"

"Kuna siku na siku," akasema. "Leo si mbaya." Akafuta mdomo. "Kanga zangu ziko wapi? Au umeshaziuza?"

"Sijaziuza."

"Wewe? Haiwezekani. Zilete."

"Kipande kimoja au vyote?"

"Vyote viwili. Nina safari. Kuna kipaimara Namanyere, nitavaa nini, gunia?" Akanitazama juu mpaka chini. "Na umekaa nazo miezi yote hii. Lazima uniongezee kitu."

Nilikataa, kwa sababu ningekubali upesi angejua ninavyojisikia. Tulibishana mpaka jirani zangu wakaacha kuuza wakasikiliza. Nilishindwa, akaondoka na sweta la bluu juu ya haki yake. Lakini kabla sijampa zile kanga nilizikunjua nikahesabu vipande. Viwili. Akaguna, akataka kuzichukua. Nikamwambia ngoja, nikahesabu tena.