Nilitabiri nafasi za wanawake wa Kimarekani kwenye marathon, nikamweka rehani binti wa watu hapa Katoro

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nilimwahidi binti mmoja, ambaye humu nitamwita Kabula, kwamba nitaliandika jambo hili kama lilivyokuwa, na kwamba pale nilipokosea mimi sitapapaka rangi. Natimiza.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa elimu ya michezo katika sekondari moja hapa Katoro, Geita. Nimekaa chuoni miaka mitatu nikijifunza jinsi mapafu na misuli inavyofanya kazi, kisha nikaja kufundisha mahali ambapo kipindi cha michezo ni muda wa kuwachotea walimu maji.

Sitalalamika. Si mada ya leo.

Kabula amemaliza Kidato cha Nne. Kwao ni mbali na shule, na kwa miaka minne alikuja mbio na kurudi mbio, begi likiwa limekazwa mgongoni kwa kipande cha kanga ili lisimrukeruke. Kuna kambi ya mbio ndefu huko kaskazini iliyokubali kumpokea kwa majaribio mwezi Januari.

Kilichokuwa kimebaki ni neno moja la baba yake.

Baba Kabula ana karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Ni mtu wa haki na mpole. Kasoro yake ni moja: Jumapili hushinda kwenye banda la video karibu na mashine zake, na katika banda hilo anaketi bwana mmoja wanayemwita Profesa.

Profesa ni dalali. Hachimbi, hasagi, haoshi. Anakaa katikati ya anayeuza na anayenunua, basi. Maishani mwake hajawahi kukimbia isipokuwa siku za msako. Lakini ndiye aliyemshawishi Baba Kabula kwamba mwanamke akikimbia masafa marefu kizazi kinalegea na hazai tena.

Nilimuuliza amelisoma wapi hilo. Akajibu kwamba linajulikana.

Wakuu, katika nchi hii "inajulikana" ndicho chuo kikuu chenye wahitimu wengi kuliko vyote.

Sasa twende kwenye marathon.

Ilikuwa moja ya zile kubwa za Marekani, katika mji wenye madaraja marefu. Kwa wiki nzima banda lilikuwa likitabiri. Kwamba Wakenya na Wahabeshi watatangulia, hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya wanawake wa Kimarekani, ambao safari hii walileta wakimbiaji wao bora kabisa, tena kwao nyumbani. Watashika nafasi ya ngapi?

Hoja zilizotolewa ni aibu kuziandika. Mmoja alisema wanakula mikate mingi. Mwingine alisema mzungu hana pumzi, kana kwamba pumzi ni ukoo.

"Hao wamelelewa kwenye lifti," Profesa akasema. "Watafika wakati washindi wameshaoga na kunywa chai."

Ndipo Baba Kabula, ambaye huwa hasemi, akauliza jambo lililonishtua. Alikuwa amesikia kwamba mmoja wa Wamarekani hao ana watoto wawili. Akataka kujua kama ni kweli kwamba amezaa na bado anakimbia.

Nikasema ni kweli.

"Mwalimu," akasema, "wewe unasema unazijua mbio. Haya, tuambie hao watashika nafasi gani. Ukipatia, nitakusikiliza habari ya Kabula. Ukikosa, tusisumbuane tena."

Hapa, wakuu, mtu mwenye elimu na heshima yake angejibu kwamba miguu ya watu wa ng'ambo haihusiani na haki ya binti huyu. Jibu hilo nilikuwa nalo kinywani.

Nikalimeza. Profesa alikuwa anatabasamu, na mimi nikataka kumfuta lile tabasamu.

Nikatabiri. Nikaeleza kwamba njia ile ina milima ya madaraja, kwamba haina watu wa kuwavuta wakimbiaji kwa kasi, na kwamba Wamarekani wameifanyia mazoezi. Wataanza nyuma, watavumilia, na mwishoni wawili watakuwa ndani ya kumi bora, mmoja wao ndani ya watano. Nikampa Baba Kabula mkono mbele ya watu. Hapa kwetu mkono wa kijiweni ni sawa na karatasi yenye mhuri.

Jumapili ikafika. Jioni, banda limejaa.

Kupita nusu ya njia, kundi la mbele halikuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa nyuma, wametulia, sawasawa na nilivyosema.

Kwa asiyejua kazi za huku: mtu akileta mawe, kipande kinasagwa, kinaoshwa kwenye karai, watu wanainama kutazama kama kuna mstari wa dhahabu. Usipoonekana, mawe yanatupwa. Neno likishatoka mbele ya mashahidi, halipingwi. Ni desturi nzuri, inazuia ugomvi. Lakini ni ya mawe.

Profesa akanyoosha kidole kwenye skrini. "Karai limeshasema. Hamna kitu."

Baba Kabula akainuka taratibu, akavaa kofia. "Umeona mwenyewe, mwalimu. Kabula atabaki nyumbani."

Mbio zilikuwa zimebakiza karibu saa nzima. Mwenye banda akahamisha chaneli, akaweka mpira. Hakuna aliyelalamika. Wanaume wale walikuwa wametabiri wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua mwisho.

Nikatoka, nikasimama nyuma ya banda na simu yangu.

Yule mama wa watoto wawili alishika nafasi ya nne. Mwenzake, ya nane.

Nikiri, maana niliahidi: kilichonifurahisha kwanza ni akili yangu mwenyewe. Kabula nilimkumbuka baadaye.

Asubuhi nikamfuata Baba Kabula kwenye karasha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Nikampa simu, akasoma, akanirudishia. Akasema neno lililokwisha kutoka mbele ya watu yeye halirudii.

Nikaanza kuhutubia. Wala sikumwona Kabula akija na birika la uji wa baba yake. Alisubiri hadi nilipovuta pumzi, na aliyemgeukia hakuwa baba yake, bali mimi.

"Mwalimu, na wangeshika mkia, mimi ningebaki?"

Wakuu, nilimdharau Profesa kwa kumpima mwanamke kwa maneno ya kijiweni, kumbe mimi nilikuwa nimempima huyu kwa miguu ya wengine, tena kwa ridhaa yangu na kwa kupeana mikono.

Kabula akaweka birika chini, akamwelekea baba yake. Kando ya karasha kuna lundo la mchanga uliokwisha oshwa, tunaouita marudio. Wenye mitambo ya kuyeyusha dhahabu kwa dawa huununua, kwa sababu bado una dhahabu ambayo karai halikuiona.

"Baba, karai lilishasema na huu mchanga. Mbona unauuza?"

Mzee akautazama mchanga wake. Akachota konzi moja, akauachia upite vidoleni.

"Akapimwe tena," akasema. "Lakini huko kambini nasikia kuna kocha mwanamume peke yake. Atafutwe mama wa kukaa naye. Mwanangu simkabidhi mtu kwa kuwa tu ana filimbi."

Ni haki yake, na mimi sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo.

Najua humu wapo walioanza kuandika "arudi jikoni" walipofika aya ya nne. Hao ni wa karai, waendelee kuinama. Wenye hoja, jadilini: ni nani aliwapa wanaume wasiojua mbio mamlaka ya kutabiri maisha ya wanaokimbia?

Kambi haina mlezi wa kike, nimeshauliza. Naomba anayeifahamu kambi yoyote ya mbio ndefu yenye kocha au mlezi mwanamke aniandikie hapa chini kabla ya Januari.